Mpagazi Ambaye Matanga Yake Hayakuanuliwa

Fundi cherehani wangu wa Mwanjelwa amefariki, na nimetoka kumzika kwao Ilula nikiwa na hasira. Wasomaji wangu wa siku zote mmenizoea kwa masihara, leo nivumilieni. Mzee yule alikuwa na jambo moja moyoni. Babu yake, mzaa baba, alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika miezi ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, walipokuwa wakimfukuza Mjerumani kuelekea Rhodesia. Aliacha mke mjamzito, na hakurudi. Kwao hawaanui matanga ya mtu wasiyejua kama amekufa, wala jina lake hawampi mjukuu. Basi jina lile likakaa bila mtu hadi leo. "Mjerumani alisalimu amri, akapanda meli akaenda kwao," aliniambia siku moja akinipunguzia suruali kiunoni. "Wapagazi je, nani aliwarudisha kwao?"

Kinachoniudhi ni kwamba Ulaya walikuwa wameshaweka silaha chini, huku kwetu habari haijafika, watu wanaendelea kufia njiani chini ya mizigo ya vita vilivyokwisha. Halafu shuleni tunakaririshwa jina la jemadari na mahali alipokabidhi bunduki, tunawekewa vema. Vema za nini? Tunamjua aliyeshindwa kuliko tunavyomjua babu yetu aliyekufa kwa njaa na kuhara porini.

Mzee aliniomba, kwa kuwa mimi husafiri Dar es Salaam, nimuulizie babu yake kwenye nyaraka za zamani. Nikaenda. Mtunza nyaraka alinifungulia madaftari kwa subira: maofisa wana majina na vyeo, wapagazi ni wapagazi tu. "Huyu hutampata, kaka," akasema. Niliporudi Mwanjelwa mzee akasimamisha cherehani, akavua miwani, akanitazama. Nikashindwa. Nikamwambia, "Bado wanatafuta, mzee." Nikasema hivyo kila nilipopeleka nguo, miaka minne, nikijiona mtu mwenye huruma kweli kweli.

Baada ya mazishi nilimwambia binti yake ukweli. Hakunifokea. Alivuta kanga yake mabegani, akasema, "Mwandishi, sisi hatukuhitaji karatasi wala mifupa. Tulihitaji mtu wa kutuambia tusisubiri tena. Tungezika shuka badala ya mwili wake, baba angempa mjukuu wake lile jina, tukamaliza. Tulimsihi sana. Akakataa, akasema tungoje, mwandishi ataleta jibu."

Wakubwa wa vita vile nitawalaani mpaka na mimi nizikwe. Lakini ile miaka minne ya mwisho si ya Mjerumani wala ya Mwingereza, ni yangu mwenyewe, na niliwangojesha kwa sauti ya upole. Ukiwa na habari mbaya ya mtu, mpelekee leo hii. Si yako kuitunza.