Kichupa cha Bi. Tak Dirishani

Bi. Tak Geumhui amepima mafuta ya ufuta katika maabara ya hapa Yesan, Korea, miaka kumi na tisa, na sijamsikia akipaza sauti. Akiudhika hukunja mikono ya koti lake jeupe, kunjo baada ya kunjo. Mimi mzee nazunguka nikitengeneza vikaango vya ufuta vya vinu vya mafuta, na wenye vinu hunituma kwake na chupa zao.

Siku tatu kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, nilimpelekea chupa ya mjane Namgung. Ufuta ukiungua, mafuta yanaingiwa na benzopireni, kitu cha moshi kinacholeta saratani. Bila cheti, mjane asingeuza hata tone sikukuu hiyo.

Nilimkuta koti limekunjwa hadi viwikoni, anatazama dirishani. Kichupa chake kilikuwa juani, kinang'aa samawati.

Nakijua kichupa kile, amenieleza mara nyingi kuliko nilivyouliza. Mna benzopireni ileile, ila haidrojeni zake ni zile nzito. Anatia kiasi anachokijua kwenye mafuta, na mashine inazitenganisha kwa uzito. Nzito ikipungua njiani, anajua na ile ya moshi imepungua vivyo hivyo. Kichupa hukaa gizani, kwenye baridi, wala hakishikwi bila glavu.

"Mkuu, nani kakiweka hapa?" akauliza Bi. Tak.

"Wageni wa asubuhi walipenda kinavyong'aa," akasema Bwana Pyo, mkuu wa maabara.

"Tangu asubuhi?"

"Si kimefungwa? Pima tu, babu anasubiri."

"Jua limeshakila. Nikipima nacho, mafuta ya mama wa watu yatasomeka machafu hata kama ni safi. Sisaini."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Na ulikishika mikono mitupu."

"Nilinawa."

"Kabla ya kula au baada?"

Bwana Pyo akaelekea bombani.

Kichupa kingine kilipatikana mji wa Daejeon. Akatumwa Bwana Pyo mwenyewe, na sanduku la barafu na glavu. Alasiri akarudi, glavu bado mikononi, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Glavu hizo umeshikia nini?" akauliza Bi. Tak.

"Kichupa."

"Kisha?"

"Usukani. Simu." Akanitazama. "Babu."

Nikatazama viganja vyangu.

"Sabuni ile pale, mzee wangu. Nawe, mkuu, vua hizo kwanza."

Kesho yake mafuta yalisomeka safi, nikaondoka na cheti cha mjane. Dirisha lilikuwa limebandikwa karatasi nyeusi.

"Sasa wageni wataona nini?" Bwana Pyo alikuwa akiuliza.

Bi. Tak akaanza kukunja mkono wa koti.