Simu ya Ng'ambo ya Barabara

Kokushubila alikuwa karani wa kiwanda cha nguo, na kila jioni akitoka kazini alijitolea pale ofisi ya tawi letu la chama, Temeke, kupokea simu za wazazi waliozidiwa na watoto. Sikio alikuwa nalo, simsingizii. Mzazi atalia, atatukana, yeye anaitikia taratibu, "Ndiyo, mzazi, nakusikia," mpaka mtu anapoa.

Shida ni kwamba mtaa mzima ulikuwa na simu mbili tu: hiyo ya ofisini, na ya duka la ushirika ng'ambo ya barabara. Muuzaji wa duka ni mie, Mauwa. Basi wenye dhiki wote wananijia mie, wanampigia Kokushubila huku wanamwona dirishani, na sauti yake inafika dukani kabla haijafika kwenye mkonga wa simu. Siku moja jirani yangu Tunu alichoshwa na upuuzi huo, akavuka kwenda kumweleza ana kwa ana. Kokushubila akamrudisha akapige simu. Kanuni ya tawi ilisema huduma ni kwa simu, mzazi hataji jina, na mpokeaji asimtambue. Kwa hiyo simu ikilia tu, yeye anageuza kiti, analipa dirisha mgongo. Jamani, nilikuwaga nacheka mpaka mbavu zinauma.

Nikaacha kucheka siku aliyokuja Gozbert.

Gozbert ndiye mume wake, mwalimu, mpole mpaka anakera. Alipenya kwenye foleni ya sukari na mapacha wao, Ishengoma mgongoni, Kato mkononi na uji umemkaukia masikioni. Watu wakaguna, wakidhani anawahi sukari. Kumbe anaomba simu. Akanibwagia watoto juu ya kaunta, na Kato hakukawia, akaanza kutafuna gunia.

"Simu ya wazazi," Kokushubila akaitikia, mgongo kwetu. "Jina usitaje."

Gozbert hakutaja. Alieleza kwamba watoto hawalali, kwamba madaftari ya shule yanalundikana bila kusahihishwa, kwamba siku hizi anawafokea hadi sauti yake mwenyewe inamtisha. Foleni nayo ikajitia kwenye kesi. Fakihi, mchonga vinyago, akamkumbusha aseme na habari ya uji. Mama mmoja akadai wanaume wa siku hizi wamedeka. Kokushubila akampa pole, akamwita mzazi, kama anavyowaita wote. Lakini mabega yake yalikuwa yamekakamaa, nayaona.

Ndipo Gozbert akasema Ijumaa anawapandisha watoto treni mpaka Mwanza, kisha meli, anawapeleka Bukoba kwa mama yake, wakakae huko mpaka wafikie umri wa shule.

"Mkeo umemwambia?" Kokushubila akauliza.

"Sijamwambia. Akifika nyumbani huwa amechoka kusikiliza."

Ilinichoma mie, na wala sina mume. Kisha kile kiti kikageuka. Kokushubila akamtazama mumewe, akaulaza mkonga wake mezani, akavuka barabara, viatu kaviacha chini ya meza.

Gozbert hakunyamaza. Sijui aliona haya kugeuka, ama alishaona penye simu ndipo anaposikilizwa. Anausimulia mkonga jinsi Ishengoma alivyoshikwa na homa, alivyomkanda kwa maji huku anaomba Mungu, na mkewe kasimama ubavuni pake. Kokushubila hakumnyang'anya. Aliegemeza sikio lake nyuma ya ule mkonga, wakawa wameubana katikati, vichwa vimegusana.

"Ndiyo, Gozbert," akasema. "Nakusikia."

Machozi yalinitoka, siwezi kuficha, na Kato akanipangusa kwa mkono wa uji. Sukari sikuuza tena jioni ile na hakuna aliyelalamika. Ijumaa treni iliondoka bila wale mapacha. Kokushubila akawa akitoka kiwandani anakwenda moja kwa moja nyumbani, jioni za ofisini tawi likanipa mie, mwenye mdomo huu, na Gozbert hajawahi kupiga tena.