Saa ya Njia ya Nne

Ghalani walimwita Mama Gramu. Alikuwa karani wa mizani, na kwa miaka kumi na minne hakuna gunia lililopita mbele yake likiwa na uzito wa uongo. Wachukuzi walikuwa wakimtania kwamba hata salamu yako ataipima kwanza ndipo aijibu. Naye alicheka, kwa sababu alijua ni kweli.

Mwanamke huyu wa mizani alikuwa na jambo moja lililomkereketa kifuani usiku na mchana: mdogo wake wa tumbo moja alikuwa na binti anayeogelea haraka kuliko binti yake.

Na angekuwa mdogo mwenye juhudi, angalau! Mama Gramu alimwamsha mwanawe alfajiri, akampimia uji, akamwandikia kila muda wake kwenye daftari, akajifunza mpaka namna ya kugeuka ukutani. Mdogo wake alikuwa msusi, mtu wa vicheko. Alifika bwawani akiwa amechelewa, akaketi kwenye benchi na kusimulia habari za saluni, na binti yake akitoka majini alimfunika taulo na kumuuliza, "Umefurahi?" Basi. Hajui hili wala lile. Siku moja alimshangilia mtoto wa watu mita hamsini nzima akidhani ni wake! Na bado kale kabinti kake, kembamba mpaka wenzake wanakaita Kijiti, kalikuwa kanawaacha wote. Mama Gramu alitabasamu, akapongeza, na roho ikamchoma.

Jumamosi ya mchujo ilifika. Mtoto yeyote atakayemaliza mita hamsini chini ya sekunde thelathini na tano angeingia kwenye timu ya kwenda mashindano makubwa. Kilabu hakikuwa na mitambo; saa za mkononi zilishikwa na wazazi, saa moja kwa kila njia, na sheria ilikuwa moja tu: mzazi hapimi njia ya mwanawe.

"Mama Gramu, wewe shika njia ya nne," kocha akasema. "Mkono wako tunauamini."

Njia ya nne ilikuwa ya Kijiti. Binti yake mwenyewe alikuwa njia ya tano.

Filimbi ikalia, watoto wakaruka, Mama Gramu akabonyeza. Aliapa moyoni kwamba macho yake hayatabanduka njia ya nne. Lakini walipobakiza mita kumi alimwona binti yake kwa pembe ya jicho, mikono inachapa maji, anamsogelea Kijiti, na pale pale macho yakahama yenyewe. Gusa, mwanangu, gusa! Binti akagusa ukuta, na kidole cha mama kikabonyeza saa.

Alipoinamisha uso, Kijiti alikuwa tayari ukutani, anahema, miwani ameshaivua.

"Njia ya nne?" kocha akauliza.

Mama Gramu akaisoma saa. "Thelathini na tano, nukta tatu."

"Njia ya tano?"

"Thelathini na tano, nukta nne," akasema baba mmoja aliyekuwa pembeni yake.

Kocha akakunja uso. "Mbona nilimwona Kijiti ametangulia kwa mkono mzima?"

Hapo ndipo Mama Gramu alipong'amua alichokifanya, na hapo ndipo angesema. Hakusema. Kitu kitamu kilimpanda kifuani: wote wawili wamekosa, basi wamelingana.

"Saa ndiyo imesema hivyo," akajibu.

"Aa, kama ni mkono wako, sina neno." Kocha akaandika.

Kijiti akalia kwa kwikwi mpaka mabega yakatikisika. Mama yake alimfunika taulo, akampakata kama mtoto mchanga, nywele zikimlowesha gauni, kisha akainua uso. "Dada, asante kwa kumpimia. Ningeshika mimi ningebonyeza hata kabla hawajaruka." Akajaribu kucheka, asiweze. Mama Gramu akajitia anakunja kamba ya saa.

Binti yake akaja, maji yanamchuruzika. Alisimama karibu, akapunguza sauti.

"Mama, nilipogusa ukuta niliinua kichwa. Ulikuwa unanitazama mimi."

"Nilitupa jicho tu."

"Mama." Mtoto akaitazama saa. "Kijiti alikuwa amefika kabla yangu."

Mama Gramu akajikaza kisabuni, akageuka. Kutoka pale hadi kwenye meza ya kocha ni hatua kumi na mbili. Alizihesabu, na kila moja ilikuwa nzito kuliko gunia. "Kocha, saa ile ni ya uongo," akasema, na watu wote pale mezani wakageuka. "Nilikuwa namtazama mwanangu. Nilijua, nikanyamaza."

Kocha akaufuta muda ule alioandika. Hakumkemea. Alisema Kijiti apumzike, kisha aogelee tena peke yake, na saa ashike yule baba.

Mama Gramu akasimama ukingoni mikono mitupu. Kijiti akaruka, na baada ya mita ishirini akaanza kuchoka, mikono ikazama. Mama Gramu hakujua sauti ile ilitoka wapi. "Vuta, Kijiti! Vuta, mama! Usilegee, uko karibu, vuta!" Alikimbia ukingoni na viatu vyake vya kazi, akipiga makofi, khanga inaburura majini, mpaka mtoto akagusa.

"Thelathini na nne, nukta nane!"

Mdogo wake alimrukia shingoni, wakalia pamoja. Wivu ulikuwa bado upo, hakujidanganya. Ulikuwa umekaa palepale pake.

Wakati wa kuondoka alimkuta binti yake chumba cha kubadilishia nguo, ameketi peke yake, bado na nguo za kuogelea.

"Usijali, mwanangu. Umebakiza nukta chache tu. Mwakani utafuzu."

"Sijali kufuzu." Binti alikuwa anaikamua kofia yake ya kuogelea ingawa maji yalikwisha zamani. "Leo nimemwonea wivu Kijiti."

"Kwa sababu gani basi?"

"Mimi hujawahi kunipigia kelele vile, Mama. Hata siku moja."