Mkwe Hazikwi Ukweni

Amefariki yule mzee wa Luksemburgi, kule Ulaya, aliyeishi nje kidogo ya Homa Bay, yule tuliyezoea kumsikia sokoni akibishana bei ya dagaa wa omena kwa Kidholuo cha kuchekesha. Habari ilinikuta hapa Migori, na tangu hapo sijatulia. Si kifo kilichonikosesha raha; mzee alikula chumvi nyingi. Ni swali lililozuka kabla hata machozi hayajakauka: atazikwa wapi? Maana alijenga ndani ya boma la wakwe zake, katika kipande ambacho baba mkwe alimmegea binti yake, na kwa Wajaluo mkwe hazikwi ukweni.

Mzee alikuwa na wazimu mmoja, nao ni jina la ukoo wake. Makanisa ya kwao yameacha vitabu vya ubatizo na ndoa vya enzi za kale, na siku hizi nakala zake husomeka kwenye kompyuta. Ungemkuta ameinamia kioo, akipambana na Kilatini cha mapadri, mwandiko kama kuku amechakura. Alipanda kutoka baba hadi baba, mpaka njia ikakatika: babu mmoja alibeba jina hilo, ilhali baba yake aliitwa jina jingine kabisa. Lo, alivyonuna! Akashuku kwamba babu huyo alizaliwa nje ya ndoa, padri akaificha aibu. Nasi tukamchochea. "Shemeji, tafuta tu baba mwenye hilo jina," kaka wa mkewe alimwambia. "Mwanamume hupata jina kwa mwanamume."

Kumbe sote tulikuwa tunatafuta kwa macho ya Kijaluo. Siku alipogeukia kitabu cha ndoa, alimkuta babu yule ameoa binti wa nyumba fulani na kuhamia kwa wakwe. Zamani hizo, kijijini kwao, nyumba ndiyo iliyompa mtu jina. Ukiingia, unaitwa kwa jina lake. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Jina langu lenyewe ni la ukweni!" alimwambia shemeji yake. "Basi nizikeni hapa hapa, karibu na nyumba ya mke wangu."

Shemeji hakucheka. "Huko ni huko, shemeji. Hapa, mila ikivunjwa, watoto wakapatwa na jambo, nani atajibu?"

Nilikwenda matangani na hasira zangu, tayari kugombana na wazee. Wengine walitaka apelekwe makaburi ya mjini. Mjane akasema, "Mkimpeleka huko, na mimi sirudi hapa." Shemeji akainuka, akashika panga, akatoka nje ya ua wa baba yake hadi shambani kwake mwenyewe. Akammegea marehemu kipande, akafyeka, akaita mafundi. Kufikia jioni palikuwa na kijumba cha mabati, ua mpya na lango lake, na kwa Wajaluo mwenye lango lake ana boma lake, hayuko ukweni tena. Mzee akazikwa hapo, kwake, kama mwenye boma yeyote.

Wapo walionong'ona kwamba huo ni ujanja tu. Labda. Hata mimi bado najiuliza kwa nini tulimnyima marehemu raha ya kulijua hilo akiwa hai. Ila sitazami tena mila kama ukuta. Wanaoishika ni watu, na mtu anaweza kuombwa mapema, kabla ya jeneza kufika.

Baada ya mazishi, shemeji alimshika dada yake mkono, akamtoa kwa baba yao, akamwingiza kwenye lango lile jipya la mumewe. "Haya, dada," akasema. "Leo umeolewa."