Mdogo wangu anataka kutia turbo kwenye kamyo iliyochoka

Ninyi wa page, nawaomba mfiche jina langu, maana hapa Uvira tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka 43, mjane. Ninaishi Mulongwe na mama yangu mzazi ambaye hawezi tena kutembea. Marehemu baba alituachia, mimi na mdogo wangu, kamyo moja ya mazutu, lori la dizeli. Mdogo wangu ndiye dereva, analeta mihogo na mchele kutoka vijiji vya Nyakabere na Katogota. Kilomita zake hakuna anayezijua, kihesabio kilikufa baba angali hai. Siku hizi inakunywa mafuta ya moteri na kutoa moshi wa buluu, lakini bado inatembea.

Waasi walipokaribia mara ya mwisho, tulijaza ndugu na majirani tukakimbilia njia ya Baraka. Kwenye mpando mmoja wa mlima kamyo ikashindwa. Mdogo wangu akaomba wenye nguvu washuke, wapande kwa miguu. Shangazi yetu akashuka wa kwanza, akisema, “Minye niko na miguu, acheni wagonjwa.” Risasi zikaanza kulia nyuma yetu. Kamyo ikafika juu, tukangoja kwenye mteremko. Wengine walifika. Shangazi hakufika, na mpaka leo hatujui kama alikufa ama yuko hai.

Sasa mdogo wangu amenunua Bujumbura turbo, chombo cha kuipa moteri nguvu zaidi. Anasema ataifunga juma hili, kamyo isishindwe tena na mlima. Nikamwita fundi. Akawasha moteri, akafungua kifuniko cha kutilia mafuta, moshi ukapanda kama wa chungu.

“Mama, hii moteri imechoka ndani,” akasema. “Tuifungue kwanza, tubadilishe pistoni na pete zake. Turbo baadaye. Ukiitia sasa, itakupa nguvu kidogo, halafu itapasuka mukiwa njiani.”

“Kuifungua itachukua muda gani?” nikauliza.

“Vipande vinatoka ng'ambo. Mpaka wa nchi ukifunguka vizuri, majuma kadhaa. Ukifungwa, sijui.”

Mdogo wangu akasema, “Na waasi wakikuja moteri ikiwa chini, mama tutambeba na nini?”

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa.

Nilimwambia mdogo wangu anasikiliza hofu, hasikilizi fundi. Akaniangalia, akasema polepole, “Yaya, dada yangu, weye ulikuwa mbele, umemushika mama. Minye ndiye nilimuona shangazi kwenye kioo, tukingali tunapanda. Alikuwa ananipungia mkono ningoje. Nilikanyaga mafuta.”

Hakuwahi kuniambia. Tangu aliponiambia hatujazungumza vizuri. Ufunguo wa kamyo niliuchukua mimi, na yeye hauombi, anakaa tu kando ya kamyo na ile turbo yake kwenye gunia. Nikifikiria kufungua moteri, namwona mama kitandani na barabara imejaa watu. Nikifikiria turbo, naiona kamyo imekufa katikati ya mpando, na safari hii nani atashuka? Kuiacha ilivyo ni kurudi palepale. Kila pikipiki ikipita mbio nasimama.

Ndugu zangu, ninyi mnaojua magari ya zamani, na ninyi mliokwisha kukimbia na wazee: nimpe fundi ruhusa afungue, ama nimrudishie mdogo wangu ufunguo? Nijibuni leo, msingoje kesho. Tangu asubuhi watu wa Nyakabere wanapita mbele ya mlango wangu na magodoro kichwani.