Waliniita Nuksi, Nikaotesha Gerbera

Miche yangu ishirini na sita ya gerbera ilikufa ndani ya siku tatu, na mtu wa kwanza kuja kuitazama hakunipa pole. Alisema, "Si niliwaambia?"

Huyo ni shangazi Arafa, dada wa marehemu baba mkwe wangu.

Tulieni niwape kisa chote. Kimenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Kilindoni, Mafia, na walionicheka bado tunapishana sokoni.

Naitwa Safia. Nina miaka sita kwa mume wangu Hemedi, na tunaishi na mama yake, Bi Kidawa, mjane anayesokota kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Nimezaa mara mbili, na mara zote mbili nimezika. Wa kwanza hakulia. Wa pili alikaa siku nne, tukampa jina, tukamrudisha kwa Mola.

Nilidhani huo ndio msiba. Kumbe bado midomo ya watu.

Posa ya wifi yangu Warda ilipokubaliwa, wanawake wa ukoo wakakaa kugawana kazi. Nani atapika, nani atampaka hina biharusi, nani atashughulikia maua. Nikasema hina niachieni mimi, maana mkono wangu kwa hina unajulikana.

Shangazi Arafa akaweka kikombe chini.

"Wewe mwanangu, pika tu. Vya biharusi usiviguse. Mkono wako una nuksi, kila unachopokea kinakufa."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekutolea uzi kwenye nguo. Na kwa kuwa ana watoto saba, wenzake wakaona anajua anachosema.

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ameinamia kamba yake, hakutamka neno. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mimi silii mbele ya watu. Nikasimama.

"Sawa, shangazi. Maua ya Warda nitayaotesha mwenyewe, kwa mkono huu huu, tena kwa mbegu. Yakiota tutaongea."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Huku kwetu maua ya biharusi yanatoka Dar, ya plastiki, yamekunjamana kwenye boksi.

Kwa nini gerbera? Nililiona kwenye simu: ua pana kama alizeti ndogo, lakini jekundu la kuwaka. Halafu nikasoma kwamba kuliotesha kwa mbegu ni kazi ngumu, wengi hushindwa. Nikasema hilo hilo.

Waseem wa dukani akaniagizia pakiti mbili. Mbegu zake ni vishale vyembamba vyenye kishungi nyuma. Unachomeka ncha chini, kishungi kinabaki nje. Hufukii, kwa sababu zinataka mwanga. Pakiti moja nikapanda, ya pili Waseem akanitunzia kwenye friji yake, katikati ya soda, maana joto letu huziharibu upesi.

Na udongo? Kwenye simu waliandika kwamba chenga za makumbi ya nazi ndizo bora. Nikacheka peke yangu. Watu wananunua makumbi kwa kilo, na mimi mama mkwe wangu amejaza chumba!

Bi Kidawa mwenyewe alinijazia kapu, zile chenga laini zinazobaki akishapiga usumba.

"Chukua, mwanangu. Chukua zote."

Siku ya kumi zikachungulia. Ishirini na sita! Nilizihesabu mara tatu, nikampigia Hemedi simu kazini, akadhani kuna ajali.

Wiki ya tatu majani yakaanza kuungua kingo. Siku tatu baadaye, kwisha habari yake. Shangazi akaja, akasema alichosema, na kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa na habari. Kesho yake muuza vitumbua aliniwekea vitumbua vyangu ukingoni mwa meza, asije akagusana na kiganja changu.

Hapo niliumia, sitadanganya. Niliinama uani nikiing'oa ile miche mmoja mmoja, machozi yakanishinda. Nikajifuta uso kwa vidole vilivyojaa chenga, zikanigusa mdomoni.

Chumvi.

Nikadhani ni ya machozi. Nikachota nyingine kutoka chini ya kapu, nikaonja.

Chumvi kali ya pwani.

Nyie! Makumbi ya kamba huzikwa ufukweni, kwenye tope la bahari, miezi na miezi mpaka yalainike ndipo yapigwe. Kila mtoto wa Mafia analijua hilo. Mimi nimezaliwa hapa, nalijua, na bado nilichukua mbegu zangu nikazipanda baharini.

Ningeweza kutoka mbio kuwatangazia. Lakini ningesema nini? Kwamba usumba wa mama mkwe ndio ulioua? Yule mama aliyenijazia kapu? Wangemgeukia yeye. Nikanyamaza. Waniite watakavyo, sitajisafisha kwa kumchafua mtu.

Chenga zilizobaki nikaziloweka kwenye maji ya mvua. Nikaosha, nikakamua, nikaonja. Nikaosha tena. Siku tano, mpaka ulimi ukakosa cha kulalamikia. Bi Kidawa alikuwa akinitazama kutoka barazani, kamba imelala mapajani.

Pakiti ya pili ziliota kumi na nane. Saba zikaoza, mpaka nikajifunza kwamba shina halifukiwi mpaka shingoni, na maji huyamwagi juu, unayaweka kwenye sahani mche ukanywa kwa chini. Kumi na moja zikakaza. Rajabu ikapita, Shaabani ikapita, Ramadhani nzima nikawa nafuturu macho kwenye makopo.

Mwezi wa mfunguo mosi, siku ya hina, maua saba yalikuwa yamefunguka.

Nikaingia nayo chumbani, chumba kimejaa wanawake.

"Salale!" akasema shangazi Arafa. "Haya, yameota. Na yale ya kwanza yaliyokufa? Mkono si ndio huo huo? Usimguse biharusi."

Nikafungua mdomo nimpe zake. Bi Kidawa akaniwahi.

"Ile miche niliiua mimi."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Usumba ulikuwa wangu, umejaa chumvi. Huyu alijua. Nimemwona akiuosha siku tano, anaonja kwa ulimi wake, na hakunitaja kwa mtu. Haya, nani ataniita mimi nuksi?"

"Wifi, mimi sikusema..."

"Ngoja. Harusi yako, Arafa, nani alikupaka hina?"

"Wewe, wifi."

"Mikono na miguu. Na mwezi ule ule nilikuwa nimetoka kumzika mwanangu wa tatu, kabla sijampata Hemedi. Wewe ulikuwa ukilelewa kisiwani Juani, hukuambiwa. Mama yako alijua, na ndiye aliyenipa bakuli la hina. Una watoto wangapi?"

Shangazi akaangalia viganja vyake.

"Saba," akasema.

Miaka sita nimekaa na yule mama, na sikuwahi kujua kwamba amezika watatu. Akanigeukia, macho yamejaa.

"Nilinyamaza siku ile kwa kuogopa, mwanangu. Nisamehe. Kaa, mpake wifi yako."

Nikakaa. Nikampaka Warda mikono na miguu. Harusini alishika gerbera zangu saba.

Wiki iliyopita shangazi Arafa alikuja uani na kopo tupu, anataka mche. Nikampa. Nikampa na kapu la usumba ambao haujaoshwa, nikamwambia aonje.

Akaonja, akakunja uso.

"Chumvi," akasema.

"Ehee, shangazi. Chumvi tu."

Ndugu zangu, mkiona kitu kimefia mkononi mwa mtu, onjeni udongo kabla hamjampa jina.