Siku Lori Ilipitwa na Bata Kachibora

Asubuhi hiyo nilikuwa nafungia Kabura kamba za viatu hapo gate ya nyumbani, hapa Kachibora. Nikaangalia barabara, nikadhani bado nimelala.

Lori ya mahindi ilikuwa inapitwa na bata.

Si mchezo. Nyuma yake nissan tatu za abiria, pole pole, kama zinasindikiza maiti.

Wacha nianze mwanzo. Hii ni mambo ya Juni hii, 2009. Kabura ni dadangu mdogo, ako nasari, na nasari iko ng'ambo ya lami. Muhula uliopita pikapu ilimpita karibu mpaka ikamtoa begi mgongoni.

Begi tu. Mungu ni mkubwa.

Mimi huwa siongei, lakini kuandika najua. Nikaandika barua, Madam Sellah, hedi wa shule yetu, akaipeleka council Kitale. Tulitaka kibao cha spidi, thelathini.

Council wakasema watatuma mtu apime kwanza. Akipata magari yanakimbia, kibao tunapewa. Akipata yanaenda pole, kinapelekwa kwingine.

Jioni kabla ya huyo mtu kukuja, nilifurahi mpaka nikaongea. Nikaambia baba, kesho council wanapima spidi hapa kwetu.

Baba hubeba kabichi kwa pikapu yake. Akaweka kikombe chini.

"Wanapima? Ati washike nani?"

Ningemweleza ni ya kibao, si ya kushika mtu. Nikaona haya, nikanyamaza.

Basi alfajiri akatoka, kila gari alikutana nayo akaimulikia taa iende pole. Hao nao wakamulikia wengine. Unajua madereva wetu, kwa stage wanatusiana, lakini kukiwa na macho mbele wote ni ndugu.

Mtu wa council, Mista Wangila, mtu wa Bungoma, alikaa na saa yake ya kupimia mpaka saa kumi. Akafunga kitabu.

"Madam, watu wenu wako na adabu sana. Hii kibao wacha nipeleke kwenye kuna shida."

Madam akaniangalia. Mimi nikaangalia nyasi.

Hata vumbi ya Wangila haijatulia, pikapu ikapita ikipaa, kabichi zinaruka nyuma.

Ilikuwa ya baba.

Jioni akakuja akijisifu, ati leo hakuna dereva wa Kachibora ameshikwa. Kabura akampigia makofi.

Nimejifunza hivi: kunyamaza nusu ya maneno ni mbaya kuliko kunyamaza yote.

Namba ya Wangila nilitoa kwa Madam. Nimemwandikia meseji: "Mista Wangila, hiyo siku walijua unakuja. Ni mimi nilisema. Tafadhali rudi, na usiambie mtu siku, hata mimi."

Imeenda. Leo ni siku ya nne, hajajibu.